Mikono ya Anayeuguza: Umakini na Huruma katika Mafundisho ya Buddha



Nimeombwa nizungumze juu ya umakini na huruma katika mafundisho ya Buddha, na namna vinavyoweza kutufaa katika maisha ya kila siku. Mada ni pana, nami nimeishika upande mmoja tu: upande wa mtu aliyeshika beseni la maji na kitambaa, anayemwogesha mgonjwa asiyeweza kujigeuza. Nimefanya hivyo kwa makusudi. Siku hizi taamuli imekwisha kupewa sura yake: mtu kakaa peke yake, kafumba macho, mbele yake bahari shwari. Mwenye mgonjwa ndani, mashuka ya kufua na dawa ya saa nne usiku akiitazama picha hiyo, husema moyoni kwamba hayo ni mambo ya wenye nafasi. Mimi nadai kwamba mafundisho haya ni yake kuliko ya mtu mwingine yeyote.

Nianze na kisa kilichomo katika Mahavagga, sehemu ya Vinaya, yaani mkusanyo wa kanuni za watawa wa Kibudha. Siku moja Buddha alikuwa akizungukia makao ya watawa, akiwa amefuatana na Ananda, mhudumu wake. Wakamkuta mtawa mmoja mgonjwa wa kuhara, amelala katika mkojo na kinyesi chake mwenyewe. Buddha akamwendea, akamuuliza anaumwa nini. Akajibu kwamba ni tumbo. Akamuuliza kama ana mtu wa kumuuguza. Akasema hana. Kwa nini wenzako hawakuuguzi? Mgonjwa akajibu kwamba yeye hakuwa na faida yoyote kwa wenzake, ndiyo maana hawamjali.

Buddha akamtuma Ananda kuleta maji. Yeye akawa anamimina, Ananda anaosha. Walipomaliza, Buddha akamshika kichwani, Ananda akamshika miguuni, wakamnyanyua, wakamlaza kitandani. Baadaye akawakusanya watawa wote. Akawaambia kwamba hapa hawana mama wala baba wa kuwauguza. Wasipouguzana wao kwa wao, nani atawauguza? Kisha akatamka neno ambalo Wabudha hawalisahau, kwamba anayetaka kumhudumia yeye Buddha, na amhudumie mgonjwa.

Naomba tusikipite kisa hiki haraka. Watawa wale walikuwa watu wa kutafakari. Ndiyo ilikuwa kazi yao asubuhi na jioni. Hata hivyo mwenzao alikuwa amelala katika uchafu hatua chache kutoka mahali wanapokaa, na hakuna aliyesimama. Huenda walimwona, lakini walikwisha kumpigia hesabu: huyu hakutusaidia, nasi hatumsaidii. Utulivu wa namna hiyo Buddha hakuukubali. Kwake umakini ulianza na kusimama mlangoni, kuangalia, na kuuliza swali lililo sahihi. Tena maswali aliyoyauliza ni yale yale ambayo muuguzi mzuri huyauliza hadi leo: unaumwa nini, na nani yuko nawe?

Angalieni pia jinsi kazi ilivyogawanywa. Mmoja anamimina, mwingine anaosha. Mmoja kichwani, mwingine miguuni. Aliyewahi kumnyanyua mtu mzima asiyejiweza anajua kwamba ukijaribu peke yako utaumiza mgongo wako na yeye utamkwaruza ngozi. Mwalimu mkuu wa dini hakumwachia mhudumu wake kazi chafu, wala hakuifanya peke yake ili asifiwe.

Baada ya hapo ikawekwa kanuni. Mtawa mgonjwa auguzwe na mwalimu wake. Kama hana mwalimu, auguzwe na mwanafunzi wake au mwenzake. Na kama hana yeyote, jumuiya nzima inawajibika, na ikimwacha imefanya kosa. Zikatajwa sifa za anayefaa kuuguza: awe anaweza kutayarisha dawa, ajue kinachomfaa mgonjwa na kisichomfaa, auguze kwa moyo wa upendo na si kwa tamaa ya kupata kitu, asione kinyaa kuondoa kinyesi, mkojo na matapishi, na aweze kumtia mgonjwa moyo kwa maneno. Upande wa pili ukatajwa bila kuficha: wapo wagonjwa wagumu kuuguzwa. Hawafuati wanachoambiwa, hawana kiasi, dawa hawanywi, hawasemi ukweli kuhusu hali yao, wala hawavumilii maumivu. Nawashukuru waliohifadhi maneno hayo. Ni faraja kwa binti anayemuuguza baba mkali kujua kwamba zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita kuna watu waliokubali waziwazi kwamba kuuguza kunaweza kuwa kugumu, na kwamba ugumu huo haumaanishi kwamba yeye ni mtoto mbaya.

Jambo jingine katika sura hiyohiyo ndilo lililonifanya nichague mada hii. Mtawa akifa, vazi lake na bakuli lake walipewa waliomuuguza. Mtawa hakuwa na mali nyingine ya maana. Kwa hiyo huruma haikuachwa hewani kama sifa ya moyo tu. Ilipewa mwenyewe, ikapewa zamu, na aliyeibeba akatambuliwa mbele ya wote. Nitarudi kwenye jambo hili.

Sasa, umakini wenyewe unafanywaje? Hotuba inayoutegemeza kuliko zote inaitwa Satipatthana. Ndani yake Buddha anaelekeza mambo manne ya kuangaliwa: mwili, hisia, hali ya akili, na mambo yanayopita akilini. Mwanzo wake ni pumzi. Unavuta pumzi ndefu na unajua kwamba ni ndefu. Unavuta fupi na unajua kwamba ni fupi. Hulazimishi kitu. Kisha uangalifu huohuo unapelekwa kwenye kutembea, kusimama, kukaa na kulala, kukunja mkono na kuunyoosha, kula, kunywa, kutafuna, hata kwenda haja. Hakuna kazi ya mwili iliyoonekana duni mno kuingizwa kwenye orodha hiyo.

Chukueni kazi ya kumwogesha mgonjwa wa kiharusi. Mikono inatiwa kwenye maji, na kabla ya lolote unatambua kama ni ya vuguvugu au yamepoa. Unaanza na uso, unakausha. Unamfunika kanga sehemu usiyoiosha, kwa sababu baridi na aibu vyote viwili vinaumiza. Unamgeuza ubavu, na hapo macho yanakwenda yenyewe kwenye kiuno, makalio na visigino, kutafuta wekundu au weusi usiopotea ukiubonyeza, maana kidonda cha kulalia huanza hivyo. Akili ikiwa kwenye deni la duka au kwenye ugomvi wa jana, mkono utaosha vizuri tu, lakini jicho litapita juu ya alama ile bila kuiona. Siku tatu baadaye ngozi imefunguka. Kwangu mimi hii ndiyo hoja yenye nguvu kuliko zote ya kufanya umakini. Mgonjwa ananufaika kabla hata wewe hujanufaika.

Nafsi ya anayeuguza nayo inahitaji kuangaliwa. Ile hotuba inasema kwamba akili yenye hasira ijulikane kuwa ni yenye hasira, na akili iliyochoka ijulikane hivyo. Haisemi uikemee, wala haisemi ujifanye mtulivu. Mama mzee akitema uji kwa mara ya tatu, joto linapanda kifuani, taya zinakazana, kijiko kinaanza kusukumwa kwa nguvu kidogo. Ukitambua taya zako zimekazana, umepata nafasi ya pumzi moja. Weka kijiko chini. Acha pumzi itoke. Huenda hana njaa, huenda anashindwa kumeza, na hilo la pili ni la kumwambia daktari.

Buddha alilieleza hili kwa mfano wa mishale miwili. Mtu asiyefundishwa akichomwa na mshale wa maumivu ya mwili, hujichoma wa pili kwa kulalama na kuhangaika moyoni. Aliyefundishwa huupata wa kwanza tu. Kwa anayeuguza, mshale wa kwanza ni usiku usio na usingizi. Wa pili ni mazungumzo yanayofuata: kwa nini mimi, kaka zangu wako wapi, mimi ni mtu gani hata nikatamani haya yaishe. Tahadhari moja hapa. Pengine kaka wako kweli amekutupia mzigo. Umakini haukwambii kwamba lalamiko lako ni uongo, na anayetumia mafundisho haya kuwanyamazisha wanaoonewa anayapotosha. Unachokupa ni uwezo wa kuliacha lalamiko hilo saa nane za usiku, halafu ukalitoa mchana, mbele ya wahusika, kwa maneno yaliyonyooka.

Karne ya 20 ilituletea mtu aliyeyafanyia mafundisho haya mtihani mkali. Thich Nhat Hanh alizaliwa mwaka 1926 huko Huế, katikati mwa Vietnam, akaingia utawa akiwa kijana wa miaka 16. Vita vya Vietnam vilipopamba moto, watawa waliulizana kama waendelee kutafakari hekaluni au watoke wakawasaidie waliopigwa mabomu. Yeye alisema vyote viwili vifanywe kwa pamoja. Katikati ya miaka ya 1960 alishiriki kuanzisha shule ya vijana ya huduma za jamii, nao wakaenda vijijini kujenga shule na zahanati na kuwahamisha watu waliokwama katikati ya mapigano. Kijiji cha Trà Lộc, karibu na mpaka wa Vietnam ya Kaskazini na ya Kusini, kilipigwa mabomu wakakijenga upya. Kikapigwa tena, wakakijenga tena, na hata baada ya hapo hawakuacha. Kwa kuwa hawakutaka kuegemea upande wowote wa vita, pande zote mbili ziliwashuku. Mwaka 1967 vijana kadhaa wa shule hiyo waliuawa kwa risasi kando ya mto.

Yeye mwenyewe alikwenda ng'ambo mwaka 1966 kuomba vita visimamishwe, na njia ya kurudi ikafungwa. Hakuikanyaga tena Vietnam hadi mwaka 2005. Akiwa uhamishoni Ufaransa, mwaka 1974 aliandika barua ndefu kwa mmoja wa viongozi wa shule ile, Ndugu Quang, ili asomewe yeye na wenzake. Barua hiyo ndiyo iliyotafsiriwa ikawa kitabu kinachojulikana duniani kote kuhusu muujiza wa umakini. Humo anaeleza namna ya kuosha vyombo ukijua kwamba unaosha vyombo, namna ya kunywa chai, namna ya kuhesabu pumzi, na anawahimiza wajitengee siku moja kila wiki ya kufanya kila jambo taratibu na kwa utambuzi.

Wengi wanaosoma kitabu hicho leo hawajui kwamba kiliandikiwa vijana waliokuwa wakizika wenzao. Mwandishi hakuwa akiwafundisha watu wenye starehe kuongeza starehe. Alikuwa na hofu ya haki kabisa kwamba watumishi wake wangekauka moyo, wakabaki na chuki au na ganzi, na wote wawili, mwenye chuki na mwenye ganzi, hawafai kumhudumia mtu aliyejeruhiwa. Kuosha vyombo kwa umakini kulikuwa njia ya kuulinda uwezo wa kuhurumia, siku baada ya siku, katikati ya vita. Mwaka 1982 yeye na mwenzake Chân Không, mwanamke aliyekuwa naye katika kazi hiyo tangu Vietnam, walianzisha makao ya Plum Village kusini-magharibi mwa Ufaransa. Huko kengele ikilia, watu wote husimama walipo, wakapumua, kisha wakaendelea na kazi. Wodi zetu zina kengele na simu nyingi kuliko tunavyotaka. Kwa nini mlio mmojawapo usiwe ukumbusho wa pumzi?

Nije kwenye huruma, kwa sababu hapa ndipo ninapoona watu wetu wakiumia bila sababu. Mila zetu humsifu anayelia na wanaolia. Ni sifa njema. Lakini muuguzi mpya akilia na kila mgonjwa, kabla mwaka haujaisha atakuwa ama ameacha kazi, ama amekuwa yule nesi mkali tunayemwogopa wote. Ukali ule mara nyingi ni huruma iliyochoka ikajifungia mlango.

Wabudha waliliona hili zamani. Katika karne ya 5, mtaalamu aitwaye Buddhaghosa, aliyefanya kazi yake Anuradhapura katika kisiwa cha Sri Lanka, aliandika juu ya hali nne za moyo zinazopaswa kukuzwa: upendo wa kuwatakia watu heri, huruma kwa wanaoteseka, furaha kwa mafanikio ya wengine, na usawa wa moyo. Kila moja aliipa adui wa mbali na adui wa karibu. Adui wa mbali wa huruma ni ukatili, na huyo kila mtu anamtambua. Adui wa karibu ni huzuni, anayefanana na huruma hata ukamkaribisha ndani ukidhani ni yeye. Ukizama katika huzuni, macho yako yanageuka kujitazama: mimi ninavyoumia kumwona. Mgonjwa anabaki peke yake.

Katika miaka ya hivi karibuni wanasayansi wameligusa jambo hilohilo. Watafiti Tania Singer na Olga Klimecki waliwafundisha watu kwanza kuhisi maumivu ya wengine walipotazama video za mateso, na hali yao ikazorota. Walipofundishwa baadaye kukuza huruma, yaani kumtakia heri mteswa na kuwa tayari kumsaidia, hali yao ilipata nafuu, na sehemu tofauti za ubongo zilionekana kufanya kazi. Kwa hiyo kinachomchosha anayeuguza ni kubeba maumivu ya mtu kana kwamba ni yake, na huruma inaweza kuwa tiba ya uchovu huo. Matokeo haya yanapaswa kufundishwa katika kila chuo cha uuguzi.

Zoezi la kukuza upendo ni jepesi kulieleza. Unakaa, au unasimama kwenye foleni ya duka la dawa. Unajitakia wewe mwenyewe heri: niwe salama, niwe na afya, niwe na utulivu. Kisha unamtakia mtu unayempenda, kisha mtu usiye na neno naye, mfagizi unayepishana naye kila siku, na mwishoni mtu mnayekwaruzana. Watu wengi hukwama pale mwanzo. Wanaona haya kujitakia mema, hasa akina mama waliolelewa kuwaza wengine tu. Sababu ya kuanza na nafsi ni kwamba unajifanya shahidi: kama mimi ninavyotaka kuwa salama, na huyu naye anataka hivyohivyo. Wazee wetu walisema mganga hajigangi. Basi walau ajitakie uzima.

Upande wa hospitali nitakuwa mfupi. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn alianzisha mafunzo ya umakini katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, kwa wagonjwa wenye maumivu sugu ambao matibabu ya kawaida hayakuwasaidia vya kutosha. Mafunzo hayo yameenea duniani. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2014 ulikusanya majaribio 47 yenye washiriki zaidi ya 3,500, ukaona kwamba mafunzo ya namna hii hupunguza kwa kiasi kidogo hadi cha wastani wasiwasi, sonona na maumivu, lakini haukuona ushahidi kwamba yanazidi tiba nyingine kama dawa au mazoezi ya mwili. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kutupa vidonge vyake kwa sababu ya mhadhara huu. Na aliyepitia ukatili au msiba mzito, ambaye akifumba macho anarudishwa kwenye tukio, afumbue macho, aangalie kitu kilicho mbele yake, na atafute mtaalamu wa afya ya akili.

Najua pia swali lililomo mioyoni mwa baadhi yenu: je, mambo haya yanagusa imani yangu? Ubudha si mgeni kabisa kwetu. Upanga, Dar es Salaam, lipo hekalu lililoanzishwa na Wasinhala kutoka Sri Lanka tangu mwanzoni mwa karne ya 20, na Uganda, karibu na Entebbe, kipo kituo kilichoanzishwa mwaka 2005 na mtawa Mwafrika mzaliwa wa nchi hiyo, Bhante Buddharakkhita. Lakini kuangalia pumzi na kumtakia mgonjwa heri hakuhitaji mtu abadili dini. Mwaka 1967 Martin Luther King, mchungaji wa Kibaptisti, alimpendekeza Thich Nhat Hanh kwa Tuzo ya Amani ya Nobel. Aliona kazi aliyoitambua kuwa yake pia. Mwislamu anayejua thawabu ya kumzuru mgonjwa na Mkristo anayekijua kisa cha Msamaria wataona hapa ndugu wa karibu, na wanaweza kuchukua kinachowafaa bila kuacha chao.

Narudi sasa kwenye vazi na bakuli. Katika familia zetu anayeuguza mara nyingi ni mmoja, na mara nyingi ni mwanamke: binti ambaye hajaolewa, mke wa mtoto wa kwanza, bibi mwenyewe mwenye magoti mabovu. Ameacha biashara yake ndogo, au ameacha shule. Wengine wanatuma pesa ya dawa na kupiga simu Jumapili. Tukimfundisha mtu huyu kupumua, kisha tukamwacha palepale na mzigo wote, tumempa umakini tukamnyima huruma. Kanuni ya Mahavagga ilikuwa wazi kwamba mgonjwa ni wa jumuiya nzima, na aliyeuguza ana haki yake.

Hivyo ombi langu ni moja. Kila mwenye mgonjwa katika ukoo aitishe kikao kabla ya mwezi huu kwisha. Pangeni zamu za usiku kwa majina. Kubalianeni ni nini atakachopewa yule aliyeacha kazi yake, na kiandikwe kabla ya msiba, si baada yake. Na mkienda kumtazama mgonjwa, mkishamsalimu, mgeukieni anayemuuguza, mwulizeni amelala lini mara ya mwisho. Kisha chukueni beseni, mkamwambie akalale.